Jino la Kumi

Luhende mume wangu ni mtu wa kuamini, na leo nitamsema mpaka nichoke, maana mwenyewe hasemi. Tangu jambo hili litokee anaamka, anapiga mswaki, anakwenda kukaa kwenye gogo tupu mbele ya pikapu letu lililopandishwa juu ya mawe, na kutazama barabara ya Nyamahanga. Ukimuuliza anajibu yuko salama. Salama gani hiyo ya mtu anayekunywa uji mpaka unaisha bila kujua kwamba nilisahau sukari?

Si kwamba ni mjinga. Luhende alichunga ng'ombe tangu akiwa na kimo cha jembe, na anaweza kukutajia ukoo wa ndama mpaka kwa bibi wa bibi yake. Shule aliishia darasa la nne. Hajawahi kuonja pombe, hajawahi kunipiga, na akikosea njia hamuulizi mtu, atazunguka mpaka apate. Ubishi wake nimeuzoea. Ugonjwa wake ni mmoja tu: akishampa mtu moyo, hauchukui tena.

Tulitoka Shinyanga mwaka elfu mbili na tisa, tukifuata majani, watoto wawili na ng'ombe kumi na saba. Hapa hatukumjua mtu. Wenyeji walitutazama, na sikuwalaumu. Nani anafurahi kuona kundi la ng'ombe linakuja kuelekea mihogo yake? Aliyetufungulia mlango ni Danstan. Yeye ni Msubi wa hapahapa, fundi magari, ana gereji ya mabati kando ya barabara. Alitukatia kipande cha shamba lake tujenge, na hakudai chochote. Mkewe Jovitha alinifundisha kupika ndizi, maana mimi nilikuwa nazichemsha mpaka zinakuwa maji. Mtoto wetu Yuster alipobatizwa, Danstan alisimama kanisani akiwa baba yake wa ubatizo. Tangu siku ile ananiita shemeji, na Luhende anamwita ndugu.

Sasa, kwetu Wasukuma mtu akikufaa namna hiyo humpi hela. Unampa ng'ombe akufugie. Maziwa yanakuwa yake, samadi yake, na ng'ombe na ndama wake wanabaki wako. Humfuati kumchungulia zizini. Ng'ombe akifa, mfugaji anakuletea ngozi, tena na masikio yake, kwa sababu alama ya mji huchanjwa sikioni. Ile ngozi ndiyo neno lake. Ukishaipokea, shauri limekwisha, na kuendelea kuuliza ni kumwita mwenzako mwizi. Luhende alimpa Danstan mtamba mwekundu, akamweleza yote haya, na Danstan akasema ameelewa.

Mwaka wa tatu yule ng'ombe akafa. Danstan alikuja na ngozi imekunjwa nyuma ya baiskeli, macho mekundu. Masikio hayakuwepo. Alisema mbwa walikiwahi kichwa kabla hajafika. Luhende hakuikunjua hata ngozi yenyewe mbele yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema wabeja, ndiyo asante ya kwetu, na wiki iliyofuata akampelekea ng'ombe mwingine. Mimi niliona masikio hayapo. Nikasema moyoni, huyu si mtu wa mila yetu, na bado ameleta, amejitahidi. Ile ngozi Luhende akaitandika kwenye gogo lake la kukalia, na akaikalia miaka yote.

Baadaye malisho yakawa finyu. Kila ulikopeleka ng'ombe kulikuwa na shamba la mtu au mpaka wa mtu, na kila wiki kulikuwa na kesi. Luhende akaamua kuuza. Aliuza wote, akabakiza yule wa kwa Danstan tu, kwa sababu huyo hauzwi. Tukaenda Mwanza kununua pikapu, na Danstan tukamchukua atuchagulie. Tulipata kuukuu la miaka ya tisini, la dizeli, lenye fowili, yaani linavuta kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Danstan alilala chini yake nusu siku. Alipotoka alisema, "Chuma hiki hakijaguswa na mtu tangu kitoke kiwandani. Chukua, ndugu yangu." Na kweli lilikuwa chuma. Misimu sita tulibeba maharage na ndizi kutoka Murukulazo, kule Ngara, kuleta Biharamulo, na mvua ikinyesha sisi tunaweka fowili na kupita pale wenzetu wanapolala njiani. Lile gari ndilo lilikuwa kundi letu. Ng'ombe wote wa maisha yetu walikuwa ndani yake, na likifa sisi ni maskini. Danstan alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Basi, mwaka jana mwezi wa nane klachi ikaanza kuteleza. Luhende akalipeleka kwa Danstan, akaliacha siku tatu. Siku ya tatu Danstan akaja nyumbani kwa miguu, amebeba kiroba begani, anatembea kama mtu anayepeleka msiba. Akakiweka chini.

"Ndugu yangu, klachi ni jambo dogo," alisema. "Nimeshusha shafti nikakuta difu ya nyuma inacheza. Nimefungua. Tazama mwenyewe."

Difu ni lile tufe la chuma katikati ya ekseli, linalopokea nguvu ya injini kupitia ile nondo ndefu iitwayo shafti na kuigawa kwenye magurudumu. Ndani yake mna gia mbili zinazoumana, moja kubwa kama sahani ya ugali, nyingine ndogo kama ngumi. Zile za kwenye kiroba meno yake yalikuwa yamemeguka na kusagika. Luhende alizichukua kwa mikono miwili. Nilimwona. Alizipokea vilevile alivyopokea ile ngozi, na midomo yake ikasema wabeja.

Danstan akamwambia aende nazo, zimsaidie kama sampo, atafute nyingine zenye meno sawasawa na hizo. "Usikubali ya karibukaribu," alisema. "Jino likipungua moja, umeliwa." Alisema hivyo kwa kinywa chake, uani kwangu, huku anakunywa maji yangu.

Jioni ile nilimwambia Luhende kitu. Danstan naye alikuwa na pikapu, ndugu wa hili letu ila halina fowili, na lilikuwa limekaa nyuma ya gereji tangu Pasaka, majani yameota mpaka kwenye milango. Siku ile nikirudi kutoka mashineni nilikutana nalo barabarani, limebeba mkaa, linakwenda.

"Baba Yuster," nikasema, "lile gari la Danstan limepona lini?"

"Unataka kusema nini?"

"Sisemi. Nauliza."

"Mtu ameleta ngozi mpaka mlangoni, wewe unauliza," alisema. "Usinitie aibu, Suzana."

Nikanyamaza. Na hapa najisema na mimi, maana si yeye peke yake. Ningepiga kelele siku ile, gari lingekuwa linatembea leo. Nilinyamaza kwa sababu nilikula ndizi za Jovitha miaka kumi na tano, na mdomo ulioshiba una uzito.

Luhende alihangaika na kile kiroba mwezi mzima. Biharamulo mjini walikuwa na difu za malori tu. Ngara akaonyeshwa moja iliyong'arishwa kwa mafuta ya taa, kuigeuza ina ufa. Mtu mwingine alimuuzia maneno kwa simu siku nne, mzigo unakuja, mzigo uko njiani, kumbe hata duka hana. Mwishowe akaelekezwa Kahama, kwa muuza spea za mtumba anayeitwa Modestus. Kijana mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Hiyo safari nilikwenda naye.

Modestus alizitoa gia kwenye kiroba, akachukua chaki, akaweka alama kwenye jino la kwanza na kuhesabu kwa sauti. Kubwa, arobaini na moja. Ndogo, kumi. Akaihesabu ndogo tena, kisha akavua miwani.

"Mzee, gari yako inavuta mbele pia?"

"Ndiyo, fowili," Luhende alisema, kwa majivuno kidogo.

"Dizeli?"

"Dizeli."

"Mimi za dizeli fowili nyingi ninazofungua zinakuwa na tisa. Hii kumi nimeizoea kwenye zile za kuvuta nyuma tu. Inawezekana yako ni tofauti, sibishi. Ila difu ya mbele na ya nyuma lazima zifanane meno, la sivyo zitavutana. Mbele umehesabu?"

"Mbele ni nzima. Ya nini kuifungua?"

"Huna haja ya kufungua. Unainua gari kwa jeki, unachora chaki kwenye tairi na kwenye shafti, unazungusha. Nusu saa tu. Nenda ukapime, mzigo wako nitakuwekea."

Ushauri wa bure, wa mtu ambaye hata hatukumjua. Jamani, nani mwingine angeambiwa hivyo akakataa? Mume wangu alikataa. Alisimama pale dukani, shingo imemsimama, akasema, "Kijana, hizi zimetoka kwenye gari yangu. Aliyenipa ni ndugu yangu, baba wa ubatizo wa binti yangu. Nikapime nini? Nikampime yeye?" Modestus alinitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akafungasha zenye meno kumi, nzuri kabisa, hazina kasoro hata moja. Kwa upande wa Modestus hatuna la kusema.

Danstan akazifunga. Alifunga vizuri, akapaka na grisi, akakataa ujira. Alisema baina yetu hakuna hesabu.

Gari likatoka, lakini halikuwa lile. Tambarare lilikwenda, mlimani likawa linakokota miguu. Luhende alimwambia Danstan, naye akajibu difu bado ngeni, itazoea. Akaongeza neno moja, kwa upole kama mtu anayemwonya mtoto asishike kisu: "Fowili usiiweke ovyoovyo, lami zimejaa siku hizi." Luhende akaliona ni neno la mtu anayejali gari letu.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikatukuta Murukulazo na mzigo wa ndizi, na kule tulikokuwa hakuna lami. Nilikuwa kiti cha mbele. Kwenye tope gari likaanza kuteleza kuelekea mtaroni, Luhende akaweka fowili, tukatoka, nikamshukuru Mungu. Juu ya kilima tope likaisha, tukaingia kwenye mawe makavu. Luhende akataka kuondoa fowili. Kamkono ka kuiwekea kakagoma. Alikavuta kwa mkono mmoja, akakavuta kwa miwili, jasho linamtoka. Gari likawa linaruka na kulia huku chini. Kisha kitu kikapasuka, na oili ikatiririka nyuma yetu juu ya mawe.

Watu walitusukuma mpaka kwa fundi mmoja wa palepale, mzee Telesfori, aliyestaafu kutengeneza matrekta. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatandika majani ya mgomba akalala chini ya gari. Alisema kilichopasuka ni transifa, lile sanduku linalopeleka nguvu mbele na nyuma. Halafu akakaa, akafuta mikono, akaomba jeki ya pili na chaki.

Mimi niliposikia chaki, nikamtazama Luhende.

Alifanya vile vile alivyosema kijana wa Kahama. Magurudumu ya nyuma yakizungushwa mara moja, shafti inazunguka mara nne na kidogo. Ya mbele yakizungushwa mara moja, shafti ya mbele inazunguka nne, inapita nusu. Akarudia, akamwita Luhende ashike shafti mwenyewe.

"Gia ndogo ikipungua meno, shafti inazunguka zaidi. Nyuma kumi, mbele tisa," alisema. "Hizi hazijawahi kulala gari moja. Mlikuwa mnatumia fowili zamani?"

"Misimu sita," nikajibu mimi.

"Basi zamani nyuma kulikuwa na tisa. Ingekuwa kumi, mngeua transifa mwaka wa kwanza. Hiyo sampo mliyonunulia haikutoka hapa, mama. Ilitoka kwenye gari ya mtu mwingine."

Luhende alikaa chini palepale kwenye majani ya mgomba. Lori la kutuvuta likafika, na njia nzima kuanzia Ngara mpaka nyumbani sikusikia sauti yake. Mimi nilisema kwa niaba yetu wote wawili. Nilisema mpaka dereva wa lori akafungua redio.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa Danstan. Luhende alibeba kile kiroba. Jovitha alitukaribisha, akaniletea maziwa ya yule ng'ombe wetu, na sikuweza kuyagusa. Luhende akaitoa gia ndogo, ile iliyosagika, akaiweka mezani mbele ya Danstan.

"Ngozi hii si ya ng'ombe wangu," alisema.

Danstan aliitazama. Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nimepanga na matusi yangu kwa zamu. Hakubisha.

"Ni ya gari langu," alisema. "Yako niliifunga kwangu. Na gari nimeshaliuza, liko Nemba kwa Matiasi, mfanyabiashara wa mkaa. Alinunua kihalali, huwezi kumdai."

"Ulijua transifa itakufa?"

"Nilijua ukiweka fowili itakufa. Nilikwambia usiweke."

"Danstan," Luhende alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka niliona haya kuisikia, "ungeniomba, ningekupa. Gari lingesimama, tungetafuta mbili, tungefunga pamoja."

"Najua ungenipa," Danstan alisema. "Ndiyo maana sikuomba. Mlikuja hapa na masufuria mawili, nikawapa pa kulala. Leo mimi ndiye nakamua ng'ombe wenu, watu wananiita mchungaji wa Msukuma. Halafu nije nipige goti uani kwako nikuombe na difu? Hapana. Nilichukua."

Jovitha alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Nafikiri naye alikuwa anasikia mara ya kwanza. Mimi yale matusi yote niliyoyapanga yalinikimbia. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, nami nimeyasema maneno hayo mara elfu juu ya shida za wengine. Siku ile sikuwa hata na nguvu ya kuyatamka. Nilimwambia tu, "Ungetuibia ukanyamaza. Kwa nini ulituletea ngozi?"

"Bila hiyo angeuliza," alisema.

Luhende aliinuka, akaenda zizini, akamfungua ng'ombe wetu na ndama wake. Danstan hakumzuia, maana mila aliijua, tulimfundisha wenyewe. Tukawaswaga mpaka nyumbani, tukapita kwenye kile kipande cha shamba alichotukatia, ambacho ndicho nyumba yetu imesimama juu yake mpaka leo. Majirani walitusalimia, nasi tukawaitikia vizuri.

Nilidhani yameishia hapo. Luhende akawafunga ng'ombe, akanywa maji, akaenda kwenye gogo lake kukaa. Hakukaa. Aliichukua ile ngozi aliyoikalia miaka kumi na zaidi, akaikung'uta vumbi, akaitandaza juani. Akachuchumaa, akaanza kuipapasa kuanzia mkiani, taratibu, mgongo mzima, mpaka ikafika shingoni, na pale ikaisha. Ngozi nyekundu, na wilaya nzima imejaa ng'ombe wekundu.

"Suzana," alisema bila kugeuka, "masikio alisema waliyala nini?"

"Mbwa," nikamjibu.

Vidole vyake vilibaki palepale mwisho wa shingo, kwenye ukingo uliokatwa kwa kisu, umenyooka.

"Na huyu wa kwanza," akasema, "naye alikufa kweli?"

Niliikunja ile ngozi nikaiweka darini, na tangu siku hiyo anakaa kwenye gogo tupu.